Seti ya 18,000 au leso kuukuu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi niko Mtopanga, mimba yangu ya kwanza, niko mwezi wa saba, kliniki wameniambia nitegemee mwisho wa Januari. Sasa kuna duka nimeliona Instagram wanauza seti nzima ya mtoto ndani ya begi, vitu 42, blanketi mbili za manyoya, kofia, glavu, viatu, hadi mto wa kulalia, 18,000. Mume wangu asema hizo pesa ni nyingi. Mavyaa naye asema ati mtoto hanunuliwi nguo kabla hajaonekana, ni mkosi, na isitoshe yeye ana sanduku zima la nguo walizovaa wifi zangu wakiwa wachanga. Mimi roho yangu yataka vipya. Ninunue nini niache nini?
*Mama mtarajiwa, Mtopanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nianze na hizo blanketi za manyoya manake zimenichekesha. Mwisho wa Januari hapa kwetu ni kaskazi, mchana joto lafika 32, 33, usiku wafungua dirisha na hakuna kinachoingia ila mbu, sasa kitoto cha kilo tatu ukikitia ovaroli ya manyoya na blanketi juu si utakuwa wakipika? Hiyo seti ni ya mtu wa Limuru. Ukimfunika mtoto hivyo Mtopanga, wiki ya pili tu ana harara shingo nzima, halafu watu waanze kukwambia maziwa yako ni mabaya. Ukitaka kujua kama amezidiwa na joto mtie mkono nyuma ya shingo au mgongoni, ukikuta jasho mpunguzie nguo. Mikono na nyayo za mtoto mchanga huwa za baridi tu, zisikudanganye. Kofia nunua, moja au mbili, hiyo yahitajika zile saa za mwanzo akitoka tumboni manake hapo ndipo hupoteza joto haraka, lakini mkishazoea nyumbani kwa joto letu ya nini tena? Mto wa kulalia usinunue kabisa. Mtoto mchanga alazwa chali, bila mto, mwaka mzima wa kwanza. Viatu... mwanangu, aenda wapi?

Seti haihesabiwi kwa vitu 42, yahesabiwa kwa kufua. Jiulize mtoto atachafua ngapi kwa siku na zitakauka lini. Vesti za pamba 6 hadi 8 zatosha, za kufungua mbele, manake kupitisha nguo kwenye kichwa cha mtoto ambaye shingo haijakaza ni vita, utalia wewe kabla yake. Saizi ya mtoto mchanga kabisa chukua mbili tatu tu, zilizobaki ziwe za miezi 0 hadi 3, wengine wazaliwa na kilo nne ile ndogo haiingii hata siku moja. Nepi ndiyo hesabu yenyewe. Mtoto wa wiki ya kwanza wambadilisha mara 8 hata 12 kwa siku, kwa hiyo nepi za kitambaa dazeni mbili ndiyo utapumua, lakini kabla hujanunua angalia mfereji wenu. Kama maji yatoka siku mbili kwa wiki na zilizobaki wanunua mitungi ya mkokoteni, basi nepi ya kitambaa si ya bure vile watu wasemavyo, hapo changanya, kitambaa mchana, daipa usiku na siku ya kliniki. Na iwe kitambaa iwe daipa, ikunje chini ya kitovu kisibanwe, kipate hewa kikauke.

Sasa leso. Hapa sitaki mzaha. Kama kuna kitu kimoja cha kumwekea mtoto wa Mombasa ni leso, na si lazima mpya. Leso mpya ya Biashara Street ni nzuri kwa macho lakini ina wanga, ngumu kama karatasi, na rangi yatoka, ukiinunua ifue mara mbili tatu kabla haijamgusa. Mimi nakwambia mwombe mamako zake kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka maandishi hayasomeki. Hiyo yafyonza jasho, yakauka upesi, wamfutia, wamfunika akinyonya, wamtandikia, na akitapikia moja wachukua nyingine. Doti tatu ni vipande sita, umemaliza blanketi zote za Instagram.

Kuhusu sanduku la mavyaa, usilikatae, nguo iliyovaliwa ni laini kuliko ya dukani. Ila lifungue mapema, na kwanza unuse. Mamangu alipofungua letu harufu ilitoka mpaka barazani, zile tembe nyeupe za naftalini zilikuwa zimeisha zikabaki kama chumvi kwenye mikunjo ya vijigauni. Naftalini haifai kabisa kwa mtoto mchanga. Kuna watoto wazaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kiitwacho G6PD, na huku pwani ni wengi, ile harufu tu yaweza kuvunja damu yao mtoto akawa manjano vibaya. Kwa hiyo zifue, zianike juani siku kadhaa, zifue tena, na ambayo bado yanuka iache. Na mtoto akianza manjano machoni au alala tu hataki kunyonya, hospitali siku hiyo hiyo, msingoje asubuhi wala msimwanike juani mkadhani mmemtibu.

Mkosi? Usibishane na mavyaa, si vita vya kushinda. Nunua kidogo kidogo, viweke kwa mamako, mtoto akizaliwa vyaletwa. Neti usinunue kabla hujauliza kliniki, huku pwani wajawazito hupewa bure. Poda acha, ataivuta kifuani. Na mavyaa akija na wanja mwambie kwa adabu usipakwe machoni wala kitovuni, mwingine una madini ya risasi.

SWALI: Shangazi, mimi ni baba mtarajiwa, niko Likoni, mke wangu ana wiki 35. Begi la hospitali nilifunge lini na niweke nini?

JIBU: Leo. Leso nne, vesti mbili, kofia, nepi au daipa, pamba, pedi kubwa za mama, sabuni, beseni, slipa, flaski, na mfuko wa mbele kabisa kitabu cha kliniki na vitambulisho vyenu. Nguo za mtoto zitie kwenye mfuko wake pekee uandike, manake nesi akisema lete leso wewe utaanza kumwaga begi zima sakafuni, nimewaona wengi. Mtoto haogi saa 24 za kwanza, kwa hiyo beseni lisikutie haraka. Na kama mwajifungulia upande wa kisiwani, usiku vivuko ni vichache, uchungu ukianza saa tatu msikae hapo kungoja ukolee, vukeni. Namba ya mtu wa tuktuk iwe kwenye simu yako na ya mkeo pia.