Gati la nguzo za chuma: rangi peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama kupaka rangi kila mwaka kunatosha kutunza gati lenu la nguzo za chuma pale Masese, Jinja, kwenye Ziwa Victoria. Hakutoshi, tena rangi mpya juu ya kutu inaficha ugonjwa tu. Ziwa halina chumvi, kwa hiyo chuma huliwa polepole kuliko Mombasa, lakini huliwa. Anzieni pale maji yanapopanda na kushuka: kwangueni magamba ya kutu hadi chuma king'ae, kisha pimeni unene wake kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Wekeni alama, na mwakani mpime palepale, la sivyo namba hazitalinganishika. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha usawa wa maji cha Jinja, likapita rekodi ya 1964. Sehemu za juu mlizozoea kuziona kavu zililowa, kwa hiyo nazo zikaguliwe.

Mzamiaji aangalie miguu ya nguzo, hasa mahali rafadha za meli (mapanga yanayozunguka majini kuisukuma) zinapochimba mchanga. Magugumaji yaondolewe kwanza, vinginevyo mtamlipa bure. Matairi ya kukinga na vigingi vya kufungia kamba, fundi wenu anaviweza. Ila zege likipasuka na kutoa madoa ya kutu, msizibe nyufa kwa saruji, iteni mhandisi.