Kalingi: hiyo soli ya kutelezea ivue kabla hujasimama

Mkuu, kwa hili usimsikilize rafiki yako. Umeandika kwamba umealikwa Jumamosi kujaribu kalingi, ule mchezo wa timu wa kutelezesha mawe juu ya barafu, hujawahi kukanyaga barafu maishani, na mwenyeji wako anakushauri uvae soli ya kutelezea, ile plastiki inayovalishwa chini ya kiatu kimoja, mwanzo hadi mwisho "ili mguu uzoee". Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na yalinivunja mkono.

Siku yenyewe nilikwenda shingo upande. Baridi ilikuwa inakata masikio, na sikuona kwa nini mtu aache blanketi lake akatazame watu wazima wakitelezesha jiwe huku wenzao wanafagia mbele yake. Nikapewa ufagio, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Barafu ya kalingi si laini kama kioo. Kabla ya mchezo hunyunyiziwa matone ya maji, yanaganda na kuwa vipele vidogovidogo. Jiwe lenyewe ni granite, linakaribia kilo 20, na kitako chake kimebonyea kwa ndani, kwa hiyo linagusa vile vipele kwa duara jembamba tu. Basi likipita linanguruma. Unalisikia mpaka kwenye mpini wa ufagio. Nahodha yuko kule mwisho, karibu mita 38 kutoka linakoanzia, anapiga kelele "Fagia!" nawe unasugua kwa uzito wako wote, kwa sababu ukisugua jiwe linakwenda mbali zaidi na halipindi sana. Akisema "Acha!" unainua ufagio, unashika pumzi, jiwe linaanza kupinda polepole lenyewe kuelekea kwenye duara la shabaha lililochorwa barafuni. Nilisahau baridi. Nilisahau hata kwamba sikutaka kuja.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kimenifanya niandike.

Kila mchezaji katika timu ya watu wanne anatupa mawe mawili kila raundi. Zamu yangu ilipofika nikavalishwa kwenye kiatu cha kushoto ile soli ya plastiki yenye utepe wa kuvutika. Unaegemeza mguu wa kulia kwenye kikanyagio cha mpira kilichowekwa barafuni, unajisukuma, unateleza na jiwe, unaliachia kabla ya mstari uliochorwa mbele yako. La kwanza lilikwenda vibaya. La pili, ndugu yangu, lilitoka mkononi kama limepakwa mafuta. Nililiona linashika njia, linaanza kupinda kulekule nahodha alikonyooshea ufagio, na mimi kwa furaha nikainuka nilifuate.

Nikaukanyagia mguu wa kushoto.

Ule mguu haukuwepo tena. Ulikwenda mbele, mwili ukarudi nyuma, nikatanguliza mkono. Nilisikia "ka!" ndogo, kama kijiti kikavu. Wiki sita za plasta, na msimu wote uliobaki nikiwa benchi, mtu ambaye ndiyo kwanza amegundua mchezo anaoupenda. Hilo la msimu liliniuma kuliko mfupa. Na nilibahatika: anayeanguka chali kwenye barafu anaweza kutanguliza kisogo.

Aliyenialika alikuwa amecheza miaka mingi. Alijua fika. Tena nilimwona kwa macho yangu: kila akimaliza kutupa, anavisha kifuniko cha mpira juu ya soli yake ya kutelezea kabla hajakwenda popote. Kila mara, bila kukosa! Yeye mzoefu anajikinga, halafu mimi niliyeingia barafuni dakika 40 zilizopita naambiwa nibaki hivyohivyo nizoee. Nilipomuuliza baadaye akajibu, "Kila mtu huanguka mara moja." Hilo si jibu la kumpa mtu uliyemwalika mwenyewe. Hasira hiyo bado ninayo, sifichi.

Kwa hiyo shika hili: soli ya kutelezea ni ya kutupia jiwe tu. Unaivaa ukiwa umeshafika kwenye kikanyagio. Ukishaliachia jiwe, bado umepiga goti, unaivua au unaifunika kwa mpira, HALAFU ndiyo unasimama. Jiwe lako liwe zuri vipi, usiinuke kulitazama. Litazame ukiwa hapohapo chini. Na ukiwa na soli hiyo kwa sababu yoyote, ule mguu mwingine, wenye soli ya mpira isiyoteleza, ndio unaotangulia kuingia barafuni, na wakati wa kutoka mguu wa kutelezea ndio unatoka kwanza, usije ukajikuta umebaki nao peke yake juu ya barafu.

Uliuliza pia kama mchezo unachosha. Hapana, nimeshakwambia ulivyonishika. Nilirudi msimu uliofuata, na hadi leo barafu ikifunguliwa mimi ni wa kwanza mlangoni. Vaa kofia ngumu, waombe pale pale, usione haya kwa kuwa wengine hawajavaa.

Ila hilo la soli mpigie mwenyeji wako leo, usingoje mpaka mfike Jumamosi ukaanza kuona aibu kumbishia mbele ya watu. Mwambie kabisa: nikimaliza kutupa, naivua. Akisema utazoea, muulize kwa nini yeye anafunika ya kwake.