Neno Moja Nililolikata

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kumpinga mwanasiasa ambaye mpaka leo simuungi mkono. Alikuwa amehutubia kwa zaidi ya nusu saa kuhusu mradi wa serikali, na katikati ya hotuba alisema kwamba kama hesabu za fedha hazitakaguliwa, ni afadhali mradi wenyewe usimame. Nikachukua kipande cha mwisho tu: ni afadhali mradi usimame. Nikakitilia alama za kufungua na kufunga usemi, nikakijengea aya tatu kali juu ya kiongozi asiyewajali wananchi. Kila neno lililokuwa ndani ya alama zile alilitamka kweli. Nililoliacha nje ni "kama".

Siku mbili baadaye msomaji akaniandikia. Hakuwa mfuasi wa mwanasiasa yule, na alilisema hilo mapema. Aliuliza jambo moja: hotuba uliisikiliza yote? Sikuwa nimeisikiliza. Kipande kilinifikia kikiwa kimeshakatwa, mtu amekituma, nami nikakipokea kwa furaha kwa sababu kilisema kile nilichotaka mtu yule awe amekisema.

Kama unaandika maoni ya siasa, au unataka kuanza, nakuomba uichunge furaha hiyo. Hoja dhaifu unaijua mapema, maana inakusumbua unapoiandika. Nukuu iliyokatwa vibaya haisumbui hata kidogo. Inakaa mahali pake vizuri, inamaliza ubishi, inakupunguzia kazi. Nikikutana na nukuu tamu namna hiyo siku hizi, naacha kuandika na kurudi kwenye chanzo: hotuba nzima, mahojiano yote, hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, ikiwa ipo. Nasoma yaliyotangulia na yaliyofuata. Mara nyingi nukuu inabaki kuwa ile ile. Mara nyingine inayeyuka mbele ya macho yangu.

Tusidhani huu ni ugonjwa wa chama kimoja. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2012 wagombea wote wawili wakuu walikatwa maneno. Januari 9, Mitt Romney wa chama cha Republican alikuwa akizungumzia bima ya afya: mtu akiwa na bima yake mwenyewe, kampuni ikimhudumia vibaya anaweza kuiacha na kutafuta nyingine. Akasema anapenda kuwa na uwezo wa kuwafukuza watu wanaompa huduma. Wapinzani wake, wakiwemo wa chama chake mwenyewe, wakabaki na sehemu moja tu: anapenda kufukuza watu kazi. Julai 13, mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Barack Obama, rais wa wakati huo, alikuwa akieleza kwamba hakuna anayefanikiwa peke yake, kwamba kuna watu waliogharimia barabara na madaraja. Kisha akatamka, kwa Kiingereza, kwamba ukiwa na biashara, si wewe uliyejenga hicho. Chama pinzani kikakishika "hicho" kikasema ni biashara, na mwezi uliofuata kaulimbiu ya kujibu maneno yale ikatawala mkutano wao mkuu.

Mfano huu wa pili unatuhusu sana sisi tunaoandika Kiswahili. Kiingereza kilimpa Obama kiashiria kimoja, "that", kinachoweza kuelekea kwenye biashara au kwenye barabara na madaraja, na ndiyo maana wakagombana. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo. Ukiandika "hukuijenga", umesema biashara. Ukiandika "hukuzijenga", umesema barabara. "Hukuyajenga", umesema madaraja. Mfasiri anaamua ugomvi mzima kwa silabi moja, na msomaji hatajua kwamba kulikuwa na ugomvi. Kitenzi cha Romney, "fire", nacho ni hivyo hivyo: kwa Kiingereza hutumika kwa mwajiriwa anayefukuzwa kazi na kwa mtoa huduma unayeachana naye. "Kufukuza" peke yake hubeba ukali ambao huenda msemaji hakuukusudia.

Kwa hiyo ninaponukuu mtu aliyesema kwa lugha nyingine, nasema wazi kwamba tafsiri ni yangu, na palipo na utata nauonyesha utata wenyewe. Nikishindwa, naondoa alama za usemi na kueleza kwa maneno yangu. Alama zile ni ahadi kwa msomaji kwamba hapa nimenyamaza, anayesema ni mwingine.

Kuna vineno vidogo ambavyo nimejifunza kuvilinda kuliko vyote: kama, huenda, pengine, isipokuwa, na ile "-nge-" ya masharti. Kuna pia "wapo wanaosema kwamba". Mzungumzaji mzuri huanza kwa kueleza hoja ya mpinzani kabla hajaijibu. Ukikata hapo, umemtwisha mtu maneno aliyokuja kuyapinga.

Simulizi za kujirekebisha nazo ziko hatarini. Julai 2010 Shirley Sherrod, mwanamke mweusi aliyekuwa ofisa wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika jimbo la Georgia, alilazimishwa kujiuzulu baada ya kusambazwa kipande cha video ambamo alisimulia jinsi alivyosita kumsaidia mkulima mzungu. Hotuba nzima ilipotoka, ilionekana alikuwa akieleza jinsi alivyoshinda fikra hizo na kumsaidia mkulima yule. Waziri akamwomba radhi na kumpa ahadi ya kazi nyingine. Fikiria: mwanamke aliyesimama mbele ya watu kukiri udhaifu wake wa zamani, na sehemu ya kukiri ndiyo iliyotumika kumwangamiza.

Wapo watakaoniambia kwamba haki ya namna hii itamfanya mwandishi awe laini. Siamini hivyo. Chukua maneno ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, katika mahojiano na jarida la Woman's Own mwaka 1987, kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii. Yamenukuliwa mara zisizohesabika yakiwa peke yake. Katika mahojiano yale aliendelea kusema kwamba wapo watu, wanaume na wanawake, na zipo familia, na kwamba ni wajibu wetu kujitunza wenyewe kisha kumsaidia jirani. Ukiyasoma yote, bado unaweza kumpinga vikali. Mimi nampinga. Nauliza: jirani naye akiwa hana kitu, nani atamsaidia? Swali hilo linagusa alichokiamini hasa, na mfuasi wake analazimika kulijibu. Ukimpiga kwa sentensi moja iliyokatwa, mfuasi atakuonyesha sentensi inayofuata, na mjadala utaishia hapo.

Wanasiasa wanalijua hili. Kisingizio chao kikubwa ni kwamba wamekatwa maneno, na kila mara tunapowakata kweli tunawapa kinga ya kutumia siku watakapotamka ubaya waziwazi.

Kufupisha hakuepukiki, hotuba ya saa moja haiingii kwenye safu. Ninachofanya kabla ya kukata ni kuandika hoja ya mtu kwa maneno yangu, sentensi mbili au tatu, kisha najiuliza kama angeisoma angekiri kwamba ndivyo alivyosema. Nukuu inayopingana na muhtasari huo siitumii. Nukta za dukuduku (...) nazitumia kwa woga: zikishameza sharti au kanusho, sentensi imeshabadilika. Na vitenzi vya kutambulisha usemi navikagua upya mwishoni, kwa sababu nimejikuta nikiandika kwamba ninaowapenda "walieleza" na nisiowapenda "walidai".

Makala yangu ile niliirekebisha siku hiyo hiyo niliyopata barua. Sikuibadilisha kimyakimya. Niliweka mwanzoni, juu ya kichwa cha habari, maelezo kwamba nilimnukuu kiongozi yule isivyo haki, nikaomba radhi kwake na kwa wasomaji. Baadhi ya walioisambaza walinikasirikia kwa kumpa adui nafasi. Chini ya maelezo yale niliandika sentensi yake yote, kuanzia kwenye "kama".