Rotary hapa Mbeya: wiki ya mwanachama ikoje, na ni kweli wanakula tu?

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Umehamishiwa Mbeya kikazi, mwenzako ofisini amekualika kwenye klabu ya Rotary, chama cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii, na unataka kujua wiki yao inaendaje. Halafu mtaani umeambiwa ni Freemason, na wengine wakasema ni matajiri wanaokutana hotelini kula. Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kadhaa sasa, nitakujibu kwa niliyoyaona. Jina la klabu naliacha, maana nitasema na yasiyopendeza.

La Freemason tulimalize. Ni vyama viwili tofauti, havina uhusiano. Watu wanachanganya kwa sababu ya ile beji ya gurudumu lenye meno kwenye koti, na kengele inayogongwa mezani. Mkutano wetu mgeni yeyote anakaribishwa, mhudumu wa hoteli anaingia na kutoka na birika la chai, na kwenye meza moja utakuta mchungaji amekaa na alhaji. Hakuna cha kuficha. Kinachonishangaza ni kwamba wanaosambaza uvumi huo ndio hao hao wanaoomba tuwatafutie madawati.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Angalia mpangilio wake: kukutana kulitangulia, huduma ikafuata. Miaka michache baadaye ndipo walipoanza kulishinikiza jiji lijenge vyoo vya umma. Kwa hiyo ukimsikia mtu analalamika kwamba watu hawa wanakutana kwanza ndipo watafute la kufanya, ana haki, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Sasa wiki yenyewe. Klabu yetu inakutana katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi mdogo wa hoteli. Rais wa klabu anagonga kengele, tunaimba wimbo wa taifa, wageni wanajitambulisha. Kisha tunasoma yale maswali manne: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, italeta nia njema na urafiki bora? Je, itawanufaisha wote wanaohusika? Yaliandikwa mwaka 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa amepewa kampuni ya masufuria iliyokaribia kufilisika. Ukiyasoma kila wiki yanageuka kuwa kama sala ya chakula, mdomo unasema na akili iko kwenye chapati. Lakini nimewahi kuona mtu akiyatumia kwa dhati, pale mwanachama mmoja alipotaka zabuni ya kuchonga madawati ya mradi iende kwa karakana ya ndugu yake. Mzee mmoja wa mwisho wa meza, ambaye huwa hasemi, aliuliza tu, "Swali la pili tunalijibuje?" Hoja ikafa palepale.

Baada ya hapo anaingia sajenti. Huyu ndiye mwenye kibali cha kutoza faini. Umechelewa, toa. Simu imelia, toa. Umeonekana kwenye televisheni na hukutuambia, toa mara mbili. Mtu akiwa na furaha, mtoto kafaulu au mke kajifungua, anatoa hela ya furaha kwa hiari yake. Ni vielfu vidogo, ila kwa mwaka mzima kapu hilo linanunua vitu vya maana. Mgeni hatozwi, usiogope.

Msemaji wa wiki ni bahati nasibu. Tumewahi kupata bwana shamba wa Rungwe aliyetueleza kwa nini parachichi zinazochumwa kabla ya wakati zinatuharibia soko la nje, watu wakasahau chai ikapoa. Tumewahi pia kupata mtu wa bima aliyeongea hadi wengine wakaanza kuangalia dari.

Sehemu ambayo mgeni haioni umuhimu wake ni ya mwisho: taarifa za kamati. Inachosha. Katibu anasoma nani aliahidi nini wiki iliyopita, na kila aliyetajwa anajibu. "Ulisema utampigia mwalimu mkuu. Umempigia?" "Bado." "Basi wiki ijayo." Wiki ijayo ataulizwa tena, mbele ya watu walewale. Kwa maoni yangu, Rotary yote iko hapo. Siku saba ni chache mno kwa ahadi kusahaulika. Kwenye kamati nyingi za hapa kwetu, za harusi mpaka za ujenzi wa zahanati, ahadi hutolewa kwa makofi na hazisikiki tena mpaka siku ya lawama. Huku mtu anaona aibu kusema "bado" mara tatu mfululizo.

Ndiyo maana sikufurahia mwaka 2016 Rotary ya dunia ilipolegeza sharti, klabu ikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Naelewa sababu, watu wana kazi na mafuta ni bei. Klabu yetu ilijaribu kukutana wiki moja na kuruka moja. Ukikosa mkutano mmoja, unakaa karibu mwezi hujaulizwa kitu. Miradi ikaanza kulala. Tukarudi kila wiki, ila tukaondoa chakula kamili tukabaki na chai na vitafunwa, kila mtu analipia chake. Hilo limejibu pia swali lako la kula.

Nikupe mfano wa kilichoniaminisha. Tulikuwa na kisima chenye pampu ya mkono kwenye shule moja upande wa bonde la Usangu. Watu wa mbali wakisikia Mbeya wanadhani kote ni kijani kama Tukuyu, lakini kule Mbarali kiangazi maji ni shida ya kweli. Kisima kilizinduliwa na klabu kabla sijajiunga, picha zipo, utepe ulikatwa. Mwanachama mmoja alikuwa anapita huko kwa kazi zake akakuta pampu imekufa, watoto wamerudi mtoni na ndoo. Kilichoharibika ni kipuri kidogo cha mpira ndani ya pampu. Pesa ya kukinunua shule ilikuwa nayo. Hawakujua fundi yuko wapi, na aliyekabidhiwa namba za simu za klabu alishahamishwa.

Tangu hapo kuna kipengele kwenye ajenda kinaitwa "miradi ya zamani", na kinasomwa kabla ya miradi mipya. Kila mradi una mwanachama wake wa kuupigia simu. Siku hizi kisima hatuchimbi bila kukaa na RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wilayani na jumuiya ya watumia maji ya kijiji, wakubaliane nani anakusanya mchango wa maji, nani anatunza vipuri, fundi anatoka wapi. Wanachama wapya hukiona kipengele hicho kama adhabu. Wewe ukienda kama mgeni, kitafute. Klabu isiyo nacho, au inayokuonyesha picha za uzinduzi tupu, kunywa chai yao uage.

Adui mkubwa wa miradi ya zamani ni kalenda yetu wenyewe. Mwaka wa Rotary unaanza Julai mosi, na rais hukaa mwaka mmoja tu. Kila rais anataka aache jina, kwa hiyo anakuja na mradi wake. Anaapishwa Julai baridi ikiwa imeshika, watu wamevaa makoti mawili mawili ukumbini; Agosti wote tuko Uyole kwenye Nane Nane viwanja vya John Mwakangale; mpaka aanze kazi miezi imekwenda. Kisha anataka kupanda miti Mei ili aikamilishe kabla ya kukabidhi. Mei! Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba na ikifika Mei zimeshaisha au ziko ukingoni. Mche unaopandwa Mei unaingia kiangazi bila mizizi. Sisi tulibishana kuhusu hili mikutano kadhaa, mwishowe tukaandika kwenye kanuni za klabu kwamba miti ni Desemba na Januari, rais awe nani.

Kuna kazi zinazotaka mkutano wa kila wiki na nyingine hazijali. Kuchangia damu inautaka. Mwanaume anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na damu ikishakusanywa haihifadhiwi zaidi ya siku 35. Wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa, kwa hiyo shule zikifungwa akiba inashuka, wakati ajali za barabara kuu ya Zambia hazifungi likizo. Ile safari ya kushuka Mbalizi unaijua au utaijua. Katibu wetu ana orodha, na mkutanoni anasoma waliotimiza miezi yao. Huwezi kujificha, maana uliyekaa naye meza moja anajua mara ya mwisho ulitoa lini.

Polio nayo ilikuja tofauti. Rotary imekuwa kwenye vita hiyo tangu 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na kirusi cha asili cha polio. Tuliona kama kazi imekwisha, tukabaki kuchanga tu. Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa, jirani yetu kabisa, na mwezi Machi kampeni ya chanjo ikaanzia mikoa inayopakana nayo: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Pale niliona faida ya kuwa na watu waliozoea kuulizana kila wiki. Mkutano mmoja tu ulitosha kugawana magari, mafuta, vipaza sauti na maji ya kunywa kwa timu zilizokuwa zikienda Kyela. Wachanjaji ni watumishi wa afya, sisi ni madereva na wabeba boksi la baridi, na wenye Kinyakyusa kizuri walitangulia kuongea na kina bibi. Nyumba kwa nyumba, mtoto chini ya miaka mitano anadondoshewa matone mdomoni, kidole kinapakwa wino, mlango unaandikwa kwa chaki. Pale Kasumulu mpakani watu wanavuka kila siku kuuza na kununua, ndugu wako pande zote mbili za mto Songwe, ugonjwa hauombi pasi ya kusafiria.

Kuhusu gharama nitakuwa mkweli, kwa sababu watu wengi huwa wanazungukazunguka hapa. Kuna mchango unaokwenda makao makuu, unahesabiwa kwa dola na kudaiwa mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari. Juu yake kuna wa wilaya ya Rotary, yaani kundi la klabu za eneo zima, na wa klabu. Shilingi ikishuka, ada inapanda hata kama haijapanda. Mwombe mweka hazina akupe jumla ya mwaka mzima kwa maandishi kabla hujavishwa beji. Wetu ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anakuandikia mpaka senti, na ukichelewa kulipa anakupigia saa moja asubuhi. (Wanawake walianza kuruhusiwa rasmi dunia nzima mwaka 1989 tu. Kwa jinsi klabu nyingi za huku zinavyoendeshwa na kina mama sasa hivi, sijui wanaume walikuwa wanatunzaje hesabu.)

Kama mshahara ni wa mwanzo na bado u kijana, ulizia Rotaract kwanza, iko kwa ajili ya vijana na michango yake ni nafuu zaidi. Na kama moyo wako uko kwenye macho na kisukari, sikiliza Lions pia, chama kingine cha kujitolea. Nao walizaliwa Chicago, 1917, na tangu Helen Keller, yule mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alipowaomba mwaka 1925 wawe watetezi wa wasioona, huduma ya macho imekuwa yao. Sina ugomvi nao, tumeshawahi kufanya kambi ya mtoto wa jicho pamoja, wao wakiratibu madaktari na sisi tukisafirisha wazee kutoka Chunya.

Usije ukitegemea kupata wateja. Wapo wanaokuja kwa hilo, wanakaa miezi miwili mitatu wakigawa kadi za biashara, kisha hawaonekani. Biashara huwa inakuja, ila baada ya watu kukuona unafanya ulichoahidi, na hiyo inachukua muda.

Basi nenda na huyo mwenzako. Nenda kama mgeni mara kadhaa kabla ya kukubali fomu, na ikiwezekana nenda Jumamosi moja ambayo wana kazi ya mikono, siyo mkutano. Vaa koti, ukumbi ni baridi. Na kama umepangishwa Uyole, panga bajaji ya kurudi mapema, maana taarifa za kamati zikirefuka daladala utazikuta zimepungua.