Jina la Mwanangu Lilingoja Mezani kwa Karani

Mhariri, juma lililopita mliwauliza wasomaji: serikali za Ulaya zinazokataa baadhi ya majina ya watoto, zinamlinda mtoto au zinamwonea mzazi? Nimeishi Ujerumani tangu 1999, nimezaa huku, na kazi yangu ni kulea watoto wa chekechea. Jibu la mstari mmoja sina, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Nianze na kile ninachokiona kila asubuhi. Ukumbini pale chekechea kuna safu ya kulabu za kutundikia makoti, na juu ya kila kulabu kuna kibao chenye picha ya mnyama na jina la mtoto. Mwaka huu tuna Noah wawili, tuna Emilia, Mila, Finn, Leo, Lea, Zeynep, Mia na Ada. Mswahili akipita pale hawezi kujizuia kuyasoma kwa lugha yake. Mila. Leo. Lea. Mia. Ada. Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama mbele ya safu ile nikahisi kama kuna mtu amenipigia hodi kwa lugha ya kwetu. Majina hayo yametoka kwingine kabisa, kwa Waslavi, kwa Warumi, katika Biblia, lakini yana tabia moja: ni mafupi, mengi yanaishia kwa irabu, na hayamshindi mtu yeyote kuyatamka. Wazazi wa siku hizi wanayapenda kwa sababu hiyo. Familia zimechanganyika, bibi yuko Madrid na shangazi yuko London, na kila mmoja anataka kumwita mtoto bila kujikwaa. Ndiyo maana ukivuka mipaka ya Ulaya leo unakutana na majina yaleyale. Mwaka 2023 chama cha lugha ya Kijerumani kilichoko Wiesbaden kiliwataja Sophia na Noah kuwa wa kwanza, na Italia nako Sofia amezoea kukaa juu, pamoja na Leonardo.

Uingereza na Wales mwaka huohuo jina la kwanza kwa wavulana lilikuwa Muhammad, watoto 4,661, mbele ya Noah. Watu walilizungumza jambo hilo kwa hofu nyingi, nami niliumia kuwasikia. Hesabu yenyewe inasema kitu kingine: katika kila wavulana 100 hawafiki wawili. Waislamu wanalirudia jina la Mtume kizazi baada ya kizazi, kama tunavyolirudia sisi pwani, wakati majirani zao wamesambaa kwenye maelfu ya majina mapya kila mwaka. Jina linalorudiwa ndilo linalopanda juu.

Sasa nije kwenye yaliyonipata mimi.

Binti yetu alizaliwa 2005. Mimi na baba yake tulikubaliana mapema: Amani. Nilikwenda ofisi ya vizazi ya mji wetu, mtoto wa siku sita amelala kifuani, na karani, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, akanipokea kwa upole. Aliandika jina lile pembeni mwa fomu kwa penseli. Niliiona ile penseli, na kalamu ya wino imelazwa pembeni yake, nikajua kuna jambo. Akavuta kitabu kinene cha majina, akapekua, akakifunga.

"Hili ni la mvulana au la msichana?"

"La yeyote," nikamwambia. "Maana yake ni kukaa bila vita."

Akanieleza kwamba utaratibu ulitaka jina la kwanza limwonyeshe mtoto kuwa ni wa kike au wa kiume. Kama halionyeshi, liongezwe la pili litakaloonyesha. Hakuwa na ubaya. Lakini nilikaa pale nikatafuta maneno ya kumfahamisha kwamba lugha niliyolelewa nayo haina habari na jambo hilo. Tunasema mwana, mjukuu, yeye, na mtu hajui kama ni wa kike au wa kiume mpaka amwone. Amani, Baraka, Furaha, Imani, Zawadi: nani kwetu aliwahi kuuliza? Jina letu halikupungukiwa na kitu, ni fomu iliyokuwa na kisanduku kimoja zaidi ya tulivyozoea.

Mtoto akaanza kulia. Nikasema, andika Zainabu, jina la mama yangu. Uso wa karani ukafunguka, kwa kuwa Ujerumani imejaa Waturuki, ambao Zainabu humwita Zeynep, na jina hilo analijua. Akauliza kama napenda kuiondoa ile "u" ya mwisho, liwe rahisi. Nikakataa. Akachukua kalamu ya wino.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 2008, Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe iliamua shauri la wazazi waliotaka kumwita binti yao Kiran, jina la Kihindi wanalopewa wa kike na wa kiume. Majaji walisema hakuna sheria inayolazimisha jina la kwanza kutaja jinsia. Wazazi ndio wanaochagua, na mpaka wao ni pale tu maslahi ya mtoto yanapoumizwa. Habari ile niliisoma gazetini ndani ya tramu, nikapitiliza kituo changu.

Iceland mambo yalikuwa mazito zaidi. Huko tangu 1991 kuna kamati ya majina, na jina lisilokuwa kwenye orodha hupelekwa kwao. Sababu yao mimi mwenye ngeli za Kiswahili naielewa: lugha yao hubadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo jina lisilokubali viambishi hivyo hukaa kama jiwe ndani ya ugali. Hata herufi C haimo katika alfabeti yao. Lakini lugha ni ya watu. Binti mmoja, Blær, alipewa jina lenye maana ya upepo mwanana, na kamati ikasema upepo huo ni wa kiume. Kwa miaka 15 karatasi zake za serikali zilimwandika "Stúlka", yaani Msichana. Hebu fikiria mtoto anakabidhi pasipoti iliyoandikwa Msichana na nyumbani wanamwita Upepo. Januari 2013 mahakama ya Reykjavik ilimrudishia jina lake, na mwaka 2019 Iceland ikaondoa kabisa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume.

Wapo watakaosema hizi ni karaha za makarani tu, zinapita. Hapo ndipo ninapoomba tuangalie nyuma kidogo. Kalamu inayolinda sarufi ndiyo ileile iliyowahi kufuta watu.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka Johan Cruyff. Februari 1974, akiwa mchezaji wa Barcelona, alipata mtoto wa kiume akamwita Jordi, jina la mtakatifu mlinzi wa Catalonia. Chini ya Jenerali Franco, aliyeitawala Hispania kwa mabavu, majina ya Kikatalani na ya Kibaski hayakuruhusiwa katika vitabu vya kusajili vizazi. Mtoto alitakiwa aandikwe Jorge, kwa Kihispania. Cruyff alikuwa ameshamsajili mwanawe Amsterdam. Akaziweka karatasi za Uholanzi mezani, akagoma. Yeye alikuwa na pasipoti ya kigeni na miguu iliyopendwa na mji mzima. Mfanyakazi wa kawaida wa Barcelona, aliyezaliwa palepale na kuzungumza Kikatalani maisha yake yote, hakuwa na Amsterdam ya kukimbilia. Jordi wake aliandikwa Jorge, akaitwa Jorge shuleni na jeshini, akawa Jordi jikoni kwa mama yake tu. Sheria ilibadilishwa 1977, Franco akiwa ameshakufa.

Bulgaria walikwenda mbali kuliko wote. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985, serikali iliamua kwamba Waturuki wa nchi hiyo ni Wabulgaria waliosahau asili yao. Vijiji vikazungukwa na askari, watu wakapangwa foleni, kila mmoja akapewa jina jipya la Kibulgaria. Watu wapatao 800,000 walibadilishwa majina, na waliopinga walifungwa, wengine wakauawa. Mnyanyua vyuma Naim Süleymanoğlu, mwenye rekodi za dunia, aliamka siku moja anaitwa Naum Shalamanov. Mwishoni mwa 1986, kwenye mashindano ya Melbourne, aliwatoroka walinzi wake akakimbilia Uturuki. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alisimama jukwaani kwa jina la baba yake, akanyanyua kilo 190, zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe, akachukua dhahabu. Mwaka uliofuata zaidi ya watu 300,000 walivuka mpaka kwenda Uturuki, na ilipofika Desemba 1989 serikali mpya ikakubali kuwarudishia watu majina yao. Kila ninapomsikia mtu akisema "ni jina tu", namkumbuka Naim.

Je, nataka serikali isiwe na neno kabisa? Hapana. Kaskazini mwa Ufaransa wazazi walitaka kumwita binti yao Nutella, na jaji wa Valenciennes akalikata likabaki Ella. Namuunga mkono jaji yule kwa moyo wote. Mtoto si chupa ya chokoleti ya kupaka mkate. Ila Ufaransa hiyohiyo, kwa sheria ya 1803, iliwabana wazazi kwenye majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, na haikuwaachia kweli mpaka 1993. Katikati hapo Wabretoni, watu wa magharibi mwa Ufaransa, walihangaika sana na majina ya lugha yao.

Shauri ninaloligeuza kichwani mpaka leo ni la Genoa, Italia. Wazazi walimwita mwanao Venerdì, yaani Ijumaa. Mwaka 2007 mahakama ilikataa, ikisema jina hilo linamkumbusha mtu yule mtumishi aitwaye Ijumaa wa Robinson Crusoe, mtu wa riwaya aliyekwama kisiwani, na mtoto angechekwa na kuonekana duni. Akaitwa Gregorio, mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Nilipoisoma habari hii nilimwona mjomba wangu Juma, na Mwanajuma aliyenifundisha kusuka, na Khamis wa duka la pale mtaani kwetu Tanga. Siku ya swala, siku ya nguo safi na harufu ya udi: kwetu mtoto aliyezaliwa siku hiyo ametangulizwa heshima. Sikio la jaji lilisikia mtumwa kisiwani, langu linasikia adhana. Lakini mtoto yule angesomea Genoa, si Tanga, na wanafunzi wenzake wangekuwa na masikio ya huko. Mimi nisingeitia sahihi hukumu ile, wala simwiti jaji dhalimu.

Tena tuna akina Shida, Tabu na Mashaka. Shangazi yangu Tabu alizaliwa katika mwaka wa njaa, na alilibeba jina lake kama mtu aliyeokoka. Ofisi ya huku ingelikataa siku hiyohiyo, na isingeuliza habari ya njaa.

Na kuna maumivu ambayo hakuna karani anayeweza kuyazuia. Kevin, jina la Kiayalandi, lilikuwa la kwanza kwa wavulana Ujerumani mwaka 1991, baada ya ile filamu ya Kimarekani ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani Krismasi. Hakuna ofisi iliyolikataa. Kisha likazoeleka kuwa jina la watoto wa familia zisizo na kitu, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliotoka 2009 ukaonyesha walimu wa shule za msingi wanavyomtarajia Kevin kuwa mkorofi kabla hajafungua daftari. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliopimwa. Nimelea Kevin wawili. Mmoja alikuwa mpole kiasi kwamba alikuwa akibeba konokono kutoka njiani asubuhi za mvua ili wasikanyagwe. Alipokwenda darasa la kwanza nilimwombea.

Kwa hiyo, Mhariri, jibu langu ni hili. Serikali iwe na haki ya kukataa jina litakalomwumiza mtoto, na mzigo wa kuthibitisha maumivu hayo uwe juu yake, si juu ya mama aliyetoka leba wiki hiyo. Ugeni wa jina usiwe sababu kamwe. Wala jinsia, wala herufi isiyozoeleka, wala lugha ya wachache.

Nimebakiza jambo moja, nami nisingekuwa mkweli nikiliacha. Jioni ile ya 2005 nilimpigia mama simu Tanga, nikamweleza kwa hasira namna walivyonilazimisha jina la pili. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwa hiyo nina somo huko?" Katika wajukuu wake tisa hakuna aliyekuwa amepewa jina lake. Nikamsikia akimwita jirani kwa sauti dirishani, amwambie ana somo Ujerumani. Mpaka anafariki hakuwahi kumwita mtoto yule Amani. Alimwita somo yangu.

Tangu 2018 sheria ya hapa inamruhusu mtu kubadili mpangilio wa majina yake ya kwanza. Mwaka jana binti yangu, mtu mzima sasa, alikwenda mwenyewe ofisini akaomba la bibi yake litangulie. Nilimsindikiza, nikakaa nyuma kwenye viti. Karani wa sasa ni kijana. Hakuuliza mvulana wala msichana. Aliangalia kioo cha kompyuta akasema, "Zainabu. Kwa u mwishoni?"

"Kwa u mwishoni," akajibu mwanangu.