Mshauri aulize, asikisie

Je, lazima mshauri nasaha awe kabila moja na mimi?
Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Wa kwenu anaweza kuwa jamaa wa mkweo, na siri yako ikamfikia.

Mshauri alituuliza mimi na mke wangu tunatoka wapi, kisha akaanza kutueleza "watu wa kwenu" wanavyoishi. Nikanyamaza. Nilikosea?
Aliyekosea ni yeye. Kabila halimwambii mtu lolote kuhusu ndoa yako. Tangu 2013, mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani una mahojiano ya maswali 16 ya kumuuliza mtu badala ya kumkisia: tatizo lako unalielezaje kwa maneno yako, unadhani chanzo ni nini, nani anakusaidia, nani anakuongezea mzigo. Swali la mwisho linahusu hofu ya kutoelewana kati yako na mtaalamu kwa sababu ya malezi tofauti. Kama wako hakuuliza, mwambie wewe: "Sisi hatuishi hivyo, tuulize." Akinuna, tafuteni mwingine.

Mume wangu hunipiga. Wazee wanasema mila inataka tuketi wote wawili mbele ya mshauri. Niende?
Usikubali kuketi naye pamoja. Utakayoyasema pale ukiwa naye, utayalipia mkirudi nyumbani. Mshauri anayejua kazi yake humwona kila mmoja peke yake kwanza, na akigundua kipigo huanza na usalama wako. Ninawaheshimu wazee, lakini kuheshimu mila hakujawahi kumaanisha kumficha anayepiga. Mshauri akikwambia "vumilia, ndiyo desturi yenu", ondoka.

Bibi anasema "nawaza sana", basi. Daktari anasema hilo si ugonjwa.
Daktari angemsikiliza zaidi. Nchini Zimbabwe Washona huita hali hiyo kufungisisa, na DSM-5 imeitaja. Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianzisha huko Friendship Bench mwaka 2006. Ni mabenchi ya nje ya zahanati ambako bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa na kuchambua naye tatizo moja baada ya jingine, kwa maneno yake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Muulize bibi anawaza nini, na tangu lini. Ila akiacha kula, au akizungumzia kufa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mama hajui lugha ya mshauri. Binti yangu wa miaka 12 anaweza kutafsiri?
Hapana, hata kwa siku moja! Mama atameza nusu ya yanayomuuma ili mjukuu asiyasikie, na mtoto atabeba nusu iliyobaki. Dai mkalimani mtu mzima, asiye ndugu, aliyeahidi kutunza siri.

Naweza kwenda bila familia kujua?
Ndiyo. Kabla ya kusema lolote, muulize mshauri ni mambo gani hatayaweka siri.