Lewisia kuoza shingoni

Ndugu, umesema lewisia yako, ule mmea mdogo wa maua wa milimani, inalainika na kuwa nyeusi shingoni, yaani pale majani yanapokutana na mzizi, ingawa humwagilii mara kwa mara. Kwa maelezo hayo, naona shida si wingi wa maji bali mahali yanapotuama.

Lewisia cotyledon kwao ni milima ya kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California, Marekani, na huota kwenye nyufa za miamba. Huko mvua huteremka na kupotea. Kwenye chungu, majani yale yaliyojipanga duara huwa kama bakuli, na maji hubaki katikati. Kwa hiyo panda mmea ukiwa umeinama, au bora zaidi, kati ya mawe ya ukuta wa bustani.

Udongo uwe nusu mboji, nusu kokoto ndogo. Tafadhali usitumie mchanga laini, unaziba kabisa! Kisha zungushia shingo ya mmea kokoto tupu, kina cha sentimita 2 au 3, majani yasiguse udongo wenye unyevu. Baridi peke yake, lewisia inaivumilia vizuri. Baridi na majimaji ya kipupwe ndiyo huiua. Iwekee kioo juu kuikinga na mvua, pembeni paachwe wazi hewa ipite.

Mmea huo ulionao usiutupe bado. Kata sehemu yote iliyooza hadi ufikie nyama ngumu. Kama pembeni kuna vichipukizi vizima, vitenge, acha vidonda vikauke siku moja au mbili, kisha uvipande kwenye mchanga wa chembe kubwa, kivulini.